Mtani wa Bi Salima

Miaka miwili Afande Gaudens alimsaka Abdulaziz kwenye mikoko ya Rufiji, na kila mara alirudi na matope hadi kiunoni na mbu wa kumtosha. Abdulaziz ndiye bosi wa unga. Wale vijana wa Ikwiriri wanaosinzia wima pale stendi ni kazi yake. Mwanangu Sufiani alikuwa mmoja wao. Alifia Dar, wakamzika watu wa manispaa kabla basi langu halijafika Mbagala. Nilionyeshwa tuta kwa kidole: "Nadhani ni lile, mama."

Kwa hiyo Bi Salima, mama yake Abdulaziz, alipofariki huko Mtunda, nilijifunga kanga nikawahi. Ukoo wangu na wake ni watani. Msibani mtani anaruhusiwa kumwigiza marehemu, kutukana, hata kulala mlangoni jeneza lisipite, na hakuna wa kukasirika.

Gaudens alikuwa nje na wanaume, kavaa kanzu.

"Afande, umeivaa kama shuka la gesti."

"Mama Sufiani, nyamaza. Lazima aje kuzika."

"Aje kwa wanaume, kwani ni mjinga? Atakuja kwetu, ambako wewe huingii. Nipe yule koplo wako, Elina."

Koplo Elina akaingia nami, akapewa vitunguu amenye. Bi Salima alishakoshwa, amelazwa nyuma ya pazia. Chumba kilijaa wanawake, kumi na zaidi wamefunika nyuso. Kumvua mtu nikabu siwezi. Hata utani una mpaka.

Nikachukua fimbo ya marehemu, nikapinda mgongo, nikakohoa kikohozi chake.

"Yasmini! Hii chai umetia sukari au umelilia humu?"

"Abee, bibi!"

Wakacheka huku wanalia.

"Safina! Hayo makalio yamekatazwa kunyanyuka?"

"Abee!"

Nikaita wanane, mmoja mmoja, mpaka chumba kizima kikawa kinamsikia yeye, si mimi. Halafu nikageukia dirishani, nikapaza ile sauti yake ya kukwaruza:

"Zizi! We Zizi! Kuku wamo kwenye mpunga!"

"Naam, mama!"

Sauti nzito, ya kiume, ikiitikia jina la utotoni la Abdulaziz. Kwenye kona, mmoja wa wale wenye nikabu alishanyanyuka nusu, mkono juu, tayari kufukuza kuku.

Hakuna aliyecheka tena. Elina alitupa kisu cha vitunguu akamrukia miguuni, mimi nikamkalia kifuani, na kwa uzito huu wa mpika vitumbua wa miaka ishirini, hakufurukuta. Alipofunuliwa uso alikuwa analia kweli.

"Shangazi Mwamini, niacheni nimzike mama. Nusu saa tu. Mkitaka nifungeni pingu."

Elina akatoka kumuuliza mkubwa wake, akarudi ananitazama kwa huruma.

"Afande anasema uamuzi ni wako. Bila wewe tusingempata."

Chumba kizima kikaningoja mimi. Nikamwinamia Abdulaziz.

"Sufiani wangu alizikwa na nani?"

"Sijui, shangazi."

"Hata mimi sijui. Mpakieni."

Jeneza likatoka mbele kwenda makaburini, gari la polisi likatokea uani kwenda kituoni Kibiti. Alipiga kelele mpaka barabarani. Nilisimama nikazisikiliza zote, hadi ya mwisho, ndipo nikarudi ndani kumlilia Bi Salima, ambaye hakunikosea kitu.