Uji wa Ghorofa ya Nne

Habari za ile hoteli kuukuu ya mjini Tanga, ambamo watu wanapanga vyumba miaka na miaka, alinieleza dadangu Mwanakheri juzi, badala ya kula. Alikaa pale tangu alipoolewa mpaka alipougua nikamleta kwangu. Sasa wanaivunja, naye tangu siku hiyo akawa hataki kutia kitu kinywani. Jana mchana nikamwekea uji kando ya kitanda, nikajinyoosha mkekani. Kumbe usingizi nao una ndoto yake.

Nimo hotelini, bakuli la uji mkononi. Dadangu yuko ghorofa ya nne, njaa inammaliza. Naingia kwenye lifti.

"Kwanza historia," lifti inasema.

Naiambia uji unapoa. Haijali. Inanieleza kwamba aliyejenga alikuwa tajiri wa mkonge mwenye wake wawili, ndiyo maana ngazi ni mbili, wasikutane. Tunapanda kidogo. Wakaja Wazungu na mbwa wao. Tunapanda kidogo. Wazungu wakaenda zao, mbwa mmoja akabaki, akawa bawabu, na salamu haitikii. Uji unaganda juu.

Mlango unafunguka. Watu wazima wenye tai wanalima zulia jekundu kwa jembe. Nauliza kulikoni. Mzee mmoja, bila kuinua kichwa, ananijibu kuwa mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na yeye mwenyewe hapa ana miaka thelathini. Ananikabidhi la kwangu.

"Mimi sikuja kukaa," nasema.

"Sote tulisema hivyo, bibi."

Basi nalima, nifanyeje, mpaka mlangoni kwa dadangu. Kabati limeuziba. Linafuka moshi, linanuka papa, na linaapa halina jiko tumboni, maana kupika vyumbani ni marufuku. Nalibembeleza lisogee. Linaapa tena.

"Wewe umekaa hapa tangu lini?"

"Tangu hoteli ifunguliwe."

"Basi shika jembe."

Linashika, linakwenda kulima. Nafungua mlango, namwona dadangu amekaa kitandani, nanyoosha bakuli, naamka.

Hasira zilinipanda. Safari yote ile, na uji sijaona ukiliwa. Nikageuka. Bakuli tupu, na dadangu anajifuta midomo.

"Umechelewa, Zuhura," akasema. "Uji umefika baridi. Ile lifti haijaacha tu maneno yake?"

Nilitaka kumjibu, lakini alikwisha geukia ukutani, anakoroma. Nikakosha bakuli, nami nikalala.