Upepo wa Mtumba

Delmar Pfaff alilisema jambo hilo pale walipoegesha gari, kwenye nyasi za nyumba ya watu, akiwa anashusha sanduku la barafu.

"Mwaka huu ndio wa mwisho kwangu, shemeji. Kiti changu nitampa binti yangu, akikitaka."

Dortha alibeba kuku wake wa kukaanga, akatangulia getini. Mumewe, Verl, walimzika Februari, na hii ilikuwa Mei ya kwanza bila yeye. Miaka yote walikaa watatu kwenye kona ya tatu ya uwanja wa mbio za magari: Dortha, Verl katikati, Delmar upande wa pili. Wanaume hao walibishana juu ya mabawa ya magari tangu wimbo wa taifa hadi mshindi anapokunywa maziwa yake, kama ilivyo desturi ya mbio hizo. Dortha aliwasikiliza kwa sikio moja, huku akila. Sasa alijua kwamba Delmar asipokuja, yeye naye hatakuja peke yake, na hakuna mahali pengine ambapo angemsikia tena Verl.

Delmar aliliweka sanduku juu ya kiti cha katikati.

Mbio zilianza. Gari la pili lililiganda la kwanza kwenye barabara iliyonyooka, lakini kila wakiingia kona lilisukumwa nje kuelekea ukutani na kubaki nyuma. Ikawa hivyo hivyo, mzunguko baada ya mzunguko. Mwaka jana Delmar angekuwa ameshasimama hapo, anapayuka. Leo alikuwa anamenya njugu.

Twyla, jirani yao wa safu ya mbele, aligeuka. "Mzee Delmar, umemeza ulimi? Hizi sheria mpya za mabawa si ndizo ulizokuwa unazililia?"

"Nzuri," Delmar akasema. "Zina ubaya wake pia. Sijui."

"Sijui" hiyo ilimwingia Dortha kama baridi. Verl angeicheka mpaka jioni.

"Mabawa yapunguzwe," Dortha akasema.

"Nani kasema?"

"Mimi. Yule wa nyuma anakula upepo wa mtumba." Neno hilo lilikuwa la Verl: upepo ambao gari la mbele limeshauvaa, likauchakaza, likamtupia mwenzake. "Wakipunguza mabawa, gari lake litagandamizwa zaidi chini, lishike barabara."

"Litagandamizwa na nini, shemeji, na maombi? Bawa ndilo linaloligandamiza."

"Verl alisema hivyo."

"Verl hakuwahi kusema upuuzi huo." Delmar aliweka njugu chini. "Alisema gari lisilotegemea sana bawa, likiingia kwenye upepo mchafu, halina kikubwa cha kupoteza. Na dereva inabidi aachie mafuta kwenye kona, ndipo anayejua kuendesha aonekane. Hivyo ndivyo alivyosema. Na alikosea."

"Alikosea wapi?"

"Ukipunguza mabawa wataserereka, kila mtu atakaa umbali wake, tutaangalia gwaride. Kama unataka gwaride, lilikuwepo jana mjini, na matarumbeta juu."

"Na ukiyaongeza, wanakanyaga mafuta mpaka mwisho, wanabanana kama ng'ombe mnadani. Mmoja akiteleza, wanakwenda wote."

Hilo la Verl alilipatia, neno kwa neno.

"Sogea huku," Delmar akasema. "Siwezi kupiga kelele kuvuka sanduku."

Aliliteremsha miguuni. Dortha akahamia kiti cha Verl. Kutoka hapo aliona vizuri zaidi magari yakitoka konani. Hakujua kwamba Verl alikuwa amejichagulia kiti bora muda wote huo.

"Haya, nieleze," Delmar akasema. "Kile kipande walichoongeza chini ya gari mwaka huu, kina kazi gani?"

Dortha alikuwa anajua. Verl alimchorea kipande hicho hospitalini, kwenye karatasi ya kufutia mikono, akamweleza mara mbili jinsi kinavyoutuliza upepo kwa ajili ya anayefuata nyuma.

"Kupoza injini," akasema.

Delmar alishika kichwa kwa mikono yote miwili. "Mwakani, shemeji, kabla hujakaa kiti hiki, nitakufundisha kwanza."

"Mwakani," Dortha akasema, na kumpa paja la kuku.