Soksi ya Kushoto

Kwetu Kinangop tunajifunza kufuma kabla ya kusonga ugali, kwa sababu ya baridi. Hapa Ukunda, kwenye joto la pwani, watu wananicheka na sufu yangu. Mzee Sanga, mwenye nyumba ninayopanga, hakucheka, maana alikuwa anakwenda Limuru, kwenye baridi kama kwetu, kumwona mjukuu.

"Nifumie soksi, Concepta mwanangu," aliniambia.

Akanyoosha mguu wa kulia, nikaupima kwa uzi. Nilifuma wiki mbili, mishono sitini kila mzunguko wa soksi, mistari ya buluu ikilingana sawasawa.

Ya kulia ilimkaa barabara. Ya kushoto akasema ataivaa huko huko Limuru. Nikapandwa na hasira.

"Mzee, wiki mbili macho yananiuma. Vaa zote mbili nizione!"

Mkewe, Bi Kadzo, aliinama, akakiinua kikoi cha mumewe. Mguu wa kushoto ulikuwa na matende, umevimba karibu mara mbili ya mwenzake. Miezi saba nimeishi hapo, na kile kikoi kirefu kilikuwa kimeuficha.

"Hazitafanana tena," Mzee akasema, akitazama chini.

"Nani kasema?" Hasira nilikuwa nayo bado, ila sasa nilijikasirikia mwenyewe. Nikaifumua ile ya kushoto yote, nikaupima mguu ule pale pale, nikaanza upya: mishono mia moja na kumi, mistari ile ile.

Asubuhi ya safari Mzee alipita kuwaaga majirani, kikoi amekikunja hadi magotini. Kila mlango alionyesha soksi zake, akianza na ya kushoto.