Dhambi za Bibi Ndayikunda

"Taja dhambi zako, mama," alisema Mzee Ildefonsi, Biblia ameibana kwapani. "Usiogope. Taja hata mbili tatu."

Bibi alimtazama kwa adabu zote. Alikuwa amevaa kitenge kipya nilichomnunulia Kasulu, na kilemba nilichomfunga asubuhi ile huku akiniuliza tunakwenda kwenye harusi ya nani. Kanisa letu la Kitahana lilikuwa limejaa hadi madirishani, maana Jumapili ya kuwahoji watu wa ubatizo haikosi vituko. Wenzake wote walikuwa wamehojiwa na kukubaliwa. Alibaki yeye.

"Kwani wewe ni mtoto wa nani?" Bibi akamuuliza.

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimekaa ubavuni kwake, nimemshika mkono. Nilijua kwamba bibi yangu akikataliwa siku ile, kufikia Pasaka nyingine hatajua hata kanisa ni kitu gani.

Ndayikunda ndiye aliyenilea. Miaka yote hiyo kanisani hakukanyaga. Alikuwa akiuza pombe ya ndizi nyuma ya nyumba, na ulimi wake uliogopwa kuanzia Kitahana hadi Kumsenga. Mchungaji akipita njiani, alimkaribisha aingie apoze koo. Kisha akaanza kusahau. Alianza na sufuria jikoni, ikafuata njia ya kisimani, halafu jina la marehemu mume wake. Jioni moja, akili ikiwa imemtulia, alinishika bega.

"Aneth, mwana wanje, nataka kubatizwa. Nipeleke upesi, kabla sijasahau kwamba nilitaka."

Nikampeleka. Kwetu hakuna njia ya mkato: unahudhuria mafundisho, unatubu mbele ya kanisa, ndipo unazamishwa mtoni siku ya Pasaka. Lakini akili ya Bibi ilikuwa inakwenda zake haraka kuliko mafundisho yalivyokuja. Alichofundishwa Jumamosi, Jumapili hakuwa nacho. Jambo moja tu halikumtoka. Kila aliposikia jina la Yesu aliitikia "ego", yaani naam, kama mtu aliyeitwa akiwa jikoni.

Mzee Ildefonsi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa utaratibu, na wazee wa namna hiyo ndio wanaofanya kanisa lisiezuliwe na upepo. Alimgeukia Mchungaji William, kijana aliyehamishiwa kwetu kutoka Kasulu.

"Mchungaji, sisi watoto wachanga hatuwabatizi. Kwa nini? Kwa sababu hawajui wanatubu nini. Sasa na huyu mama hajui. Tukimzamisha tutakuwa tumemwogesha tu."

Ilikuwa hoja nzuri, na ndiyo sababu nilimchukia kwa dakika chache. Nadhani Ildefonsi aliyaona macho yangu, kwa kuwa alilegeza sauti.

"Basi tumsaidie kukumbuka. Mama, hukumbuki ulivyokuwa unatia maji kwenye pombe?"

"Na wewe ulijuaje kwamba ina maji?" aliuliza Josephina, jirani yetu, taratibu kabisa, kutoka kwenye benchi la akina mama.

Kanisa zima liliangua kicheko. Ildefonsi naye, lazima nimpe haki yake, alicheka, akaiweka Biblia mezani.

"Niliinywa," alisema. "Niliinywa mpaka nikauza baiskeli ya baba yangu. Ndugu zangu hadi leo wanajua iliibwa."

Kicheko kikakatika. Hakuna aliyetegemea mzee wa kanisa kusema neno kama lile mbele ya wajukuu zake. Kabla hatujajua tufanye nini, Josephina alikuwa amesimama.

"Mimi alinilia mbuzi," alisema. "Mbuzi wangu aliingia kwenye maharage yake, naye akamchinja, akamla. Nilikasirika. Nikapita nyumba kwa nyumba nikisema Ndayikunda ni mchawi, huku najua kabisa si kweli. Watu wakaacha kumsalimia. Hilo sijawahi kulitubu popote."

Wakafuata wengine. Mmoja alikumbuka matusi aliyotukanwa kisimani, akajikuta anaeleza ni yeye aliyeanza. Mwingine alikumbuka deni ambalo Bibi alimdai kwa fimbo, akajikuta anakiri kwamba deni lilikuwa la kweli. Kila aliyesimama kutaja dhambi ya Bibi alishindwa kuitaja bila dhambi yake mwenyewe kutoka nayo. Ilifika mahali watu wanalia na kucheka kwa pamoja, na wanakwaya wamesahau kabisa zamu yao ya kuimba.

Bibi alimsikiliza kila mmoja kwa makini, akitikisa kichwa kwa huruma, kama anayesimuliwa habari za mtu wa kijiji cha mbali. Walipomaliza, alivuta kilemba chake nyuma kidogo.

"Huyo mama aliyefanya mambo hayo," aliuliza, "mmemsamehe?"

Josephina ndiye aliyejibu. "Tumemsamehe, dada."

"Basi mwiteni aje."

Nililia palepale, bila aibu, kwa furaha ambayo sikuwa nimeizoea. Mchungaji William alimtazama Ildefonsi. Mzee yule alivua miwani, akaifuta kwa pindo la koti, akaivaa tena.

"Mimi sina swali jingine," alisema. "Mwenye la kumzuia huyu mama aanze na mimi."

Siku ya Pasaka mvua ilinyesha tangu alfajiri, na njia ya kushuka mtoni ikawa utelezi mtupu. Mpangaji wetu Isihaka, mwalimu kutoka Lindi na Mwislamu wa swala tano, alimbeba Bibi mgongoni hadi bondeni, akaingia naye majini mpaka magotini ndipo akamkabidhi. "Mimi nimelowa tu, Mchungaji," alisema. "Usije ukanihesabu." Bibi alizamishwa, akaibuka anapenga kamasi na kudai kujua ni nani aliyemmwagia maji baridi vile. Vigelegele vilisikika, nadhani, hadi barabarani.

Asubuhi iliyofuata hakukumbuka lolote. Niliumia, siwezi kuficha. Nilikuwa nakoroga uji alipokuja na kukaa karibu na moto.

"Aneth, hivi mimi nitabatizwa lini?"

"Umeshabatizwa, Bibi. Jana, mtoni."

Alishika mashavu. "Mimi? Pamoja na mambo yangu yote?"

"Pamoja na yote."

Akacheka mpaka machozi yakamtoka, akainuka, akaenda kwenye ua kumwita Josephina aje asikie.

Sasa ni miaka miwili imepita, na bado ananiuliza, karibu kila siku. Nikisafirisha maharage kwenda Kasulu, Isihaka ndiye anayemjibu, na anamjibu vizuri tu. Bibi anashika mashavu, anacheka, anakwenda uani. Na Josephina anaweka jembe chini, anakuja na udongo mikononi, anamkumbatia na kumwambia kwamba yeye hakuwa na habari hiyo.