Neno la Mzee Choma

Mimi ni mwoga tangu utotoni, na sioni haya kusema. Wengine huogopa giza, wengine nyoka, mimi naogopa kukosea mbele ya watu. Sasa mtu wa namna hiyo akaenda kuchagua kazi ya kuchora tatuu, kazi ambayo kosa lake halitoki mpaka mwenye ngozi azikwe nalo. Akili ni nywele, kila mtu ana zake.

Siku ile niliingia kazini na ufunguo kwenye mfuko wa aproni. Ulikuwa wa chumba kimoja mtaa wa pili kutoka studio yetu, chini kabisa, kati ya kinyozi na duka la vyombo. Kilikuwa na dirisha kubwa, sinki na sakafu ya vigae vyeupe. Mwenye chumba, mama asiyependa maneno mengi, alinikabidhi ufunguo jana yake. "Kaa nao," akaniambia. "Kesho ikifika saa sita mchana hujaurudisha, chumba chako. Ukiurudisha, nampa muuza viatu, amenisumbua vya kutosha." Nikamshukuru kana kwamba amenipa zawadi. Tangu hapo chakula kilikuwa hakishuki.

Nyumbani nilimweleza mama yangu. Alimaliza kwanza kukunja shuka aliyokuwa ameishika.

"Ukikosea kwa mwenzio, anaitwa mwenye duka," akasema. "Ukikosea kwako, ataitwa nani?"

"Nitaitwa mimi, mama."

"Haya. Mradi unajua."

Mdogo wangu wa kiume alikuwa mlangoni anafunga viatu. "Dada, fungua bwana. Kosa lako la kwanza ni mimi hapa, na bado tunakula sahani moja."

Alisema kweli. Miaka saba iliyopita alinibembeleza nimchore nyumbani, sebuleni, maneno matatu kwenye mkono chini ya kiwiko: Subira huvuta heri. Nilibandika mchoro akiwa amekaa, mkono kaukunja juu ya mto wa kochi, nikachora kwa raha zangu. Sikujua bado kwamba mkono ukikunjwa, ngozi nayo inajizungusha. Alipounyoosha ajionyeshe kwenye kioo, mstari ukapinda wote, neno la mwisho likaingia upande wa chini lisikoonekana. Mpaka leo akiulizwa husema subira ameiona ikivuta, ila heri hajui ilipelekwa wapi. Watu hucheka. Mimi akivaa shati la mikono mifupi natazama pembeni.

Hiyo ndiyo ilikuwa mara yangu ya pekee kuchora bila neno la Mzee Choma.

Mzee Choma ndiye mwenye studio. Jina lake halisi liko kwenye leseni ukutani, lakini hakuna anayelitumia. Lile la utani alilipata kutokana na utaratibu wake, ambao haukubadilika kwa miaka yote tisa niliyokuwa naye. Unachora mchoro kwenye karatasi yenye wino wa zambarau. Unaibandika kwenye ngozi ya mteja, unaibandua, alama zinabaki. Hapo unaweka kila kitu chini na kumwita mzee. Anakuja, anainama, anapitisha kidole juu ya mchoro bila kugusa, halafu anasema, "Choma." Akishasema ndipo unakanyaga pedeli ya mashine. Asiposema hukanyagi, hata mteja awe na safari ya ndege.

Nililipenda neno lile kuliko mshahara. Likishatoka kinywani mwake, hofu yangu yote ilihamia kwake, na kama kuna kosa, basi tumekosea wawili. Chumba kile cha vigae vyeupe kilikuwa kizuri kwa kila hali ila moja: pale nikimaliza kubandika nitamwita nani?

Saa nne asubuhi aliingia mama mmoja fundi wa nguo, anayeshona sare za shule. Alivua koti, akakunja mkono wa blauzi, akanionyesha ngozi laini kati ya kifundo cha mkono na kiwiko.

"Nataka futi hapa," akasema. "Futi ya kupimia. Inchi sita, na namba zake."

"Futi kweli, mama?"

"Mwanangu, nusu ya maisha yangu nimeimaliza natafuta futi chini ya vitambaa. Mkono sijawahi kuupoteza."

Alikuwa amekuja na futi yake ya kitambaa, imechakaa kwenye kingo, akanisimamia nikipima kila mstari. Nilichora huku jicho moja likiwa kwenye saa ya ukutani. Saa nne na nusu. Saa tano kasorobo. Nilishakata shauri: nikimaliza kubandika nitaomba dakika kumi, nikimbie kurudisha ufunguo, nirudi kuwa mtu wa amani. Kubandika kwenyewe nilibandika vizuri. Nilimwambia aulaze mkono mezani kama anavyoulaza akipima kitambaa, maana inchi ya mkono ulioning'inia siyo inchi ya mkono uliolazwa. Mdogo wangu alinisomesha hilo kwa ngozi yake.

Nikabandua karatasi, nikamwita mzee.

Alitoka kwenye kiti chake cha karibu na mlango. Miaka mitatu hivi mwenyewe alikuwa hachori tena, mgongo unamsumbua, kwa hiyo alikuwa anakaa pale kupokea wateja. Akaja, akainama, kidole kikapita kutoka kwenye kifundo hadi karibu na kiwiko.

"Imenyooka," akasema. "Choma."

Akarudi kwenye kiti chake. Nikavaa glavu, nikachovya sindano kwenye wino, nikakanyaga pedeli. Mashine ikaanza kunguruma. Mama fundi akageuza uso ukutani. "Nikilia usinicheke," akasema. Nikainama nianze na namba ya kwanza, na sijui kwa nini, kwa kawaida nikishaambiwa choma sisomi tena, siku ile nikasoma. Moja, mbili, tatu, tatu, tano, sita.

Nikasoma tena. Tatu zilikuwa mbili, nne hakuna. Sindano ilikuwa imebakiza upana wa ukucha kuigusa ngozi ya mama wa watu. Nikanyanyua mguu, mashine ikanyamaza.

Kosa langu halikunishangaza, mtu anayechora huku anahesabu dakika atakosea tu. Lililonishangaza lilikuwa la mzee. Huyu ndiye aliyekuwa akisimama mlangoni na kuniambia jani la tatu kwenye ua ninalochora halina mshipa.

"Mzee," nikamwita, "hebu niambie, namba zimekaaje?"

"Si nimesema zimenyooka."

"Ile nne umeiona?"

"Nimeiona. Nzuri."

Nikachukua chupa ya spiriti na pamba.

"Kuna nini?" mama fundi akauliza.

"Nimebandika vibaya, mama. Sindano haijagusa. Nafuta, narudia."

Akautazama mkono wake. "Hee, tatu mbili. Si ningewashonea watoto wa watu mifuko ya maajabu." Akacheka, Mungu ambariki. Mzee hakucheka. Alinyanyuka akaelekea chumba cha nyuma, mkono wake ukipapasa ukuta, na ndipo nilipogundua kwamba siku zote huwa anaupapasa.

Nilimkuta kwenye sinki amefungua bomba, ananawa mikono isiyo na uchafu.

"Nne haikuwepo," nikamwambia.

Akaendelea kunawa.

"Mzee, unaona?"

"Naona mwanga. Mstari ukiwa mnene nauona. Wewe nakujua kwa sauti."

"Tangu lini?"

"Tangu mgongo ulipoanza kuniuma," akasema, akatabasamu kidogo kuelekea upande ambao sikuwepo.

Nilishika ukingo wa sinki. Miaka mitatu. Nikaanza kuikumbuka kazi moja moja: majina ya watoto, tarehe za ndoa, uso wa marehemu ambao wanawe watatu wameubeba begani kila mmoja. Zote nilizichora nikijua kuna mtu nyuma yangu, kumbe nyuma yangu palikuwa patupu. Nilitetemeka kwa ajili ya mambo yaliyokwisha kupita salama, na kama kuna hofu ya kijinga kuliko hiyo sijakutana nayo. Halafu nikakasirika. Maneno yalinijaa mdomoni, ya aina ambayo haisemwi kwa mtu wa rika la baba yako.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungechoma?"

Nilijua nisingechoma.

"Na mimi, kila ukiniita nilikuwa naogopa," akasema. "Nasema moyoni, leo ndiyo leo, leo atajua. Halafu nasema choma upesi upesi, nikakae."

Kumbe tulikuwa waoga wawili, kila mmoja kajibanza nyuma ya mwenzake. Hasira zikanishuka, ikabaki hofu peke yake, na ilikuwa kubwa kuliko ile niliyoingia nayo asubuhi. Nikatoa ufunguo, nikamwekea kiganjani.

"Ni wa chumba. Nilitaka kuanza kwangu. Natakiwa niurudishe kabla ya saa sita, na nilikuwa naenda kuurudisha."

Nilisema hivyo nikitegemea aniambie baki. Nakiri. Angesema baki, hata kwa sauti ya chini, ningebaki mpaka mvi zinitoke.

Aliupapasa ufunguo meno yake yote, jino kwa jino.

"Kina dirisha?"

"Kubwa."

"Kwa nini umekosea leo?"

"Mawazo, mzee."

"Siyo mawazo. Umekosea kwa sababu ulijua nakuja kuangalia. Ukibaki hapa, iko siku nitasema choma na hutasoma."

Niliuona mkono wa mama fundi ukiwa na tatu mbili za milele. Nikaona na mikono mingine, ya kesho na keshokutwa, imejipanga mlangoni.

"Na studio yako?" nikauliza. "Nikiondoka itakuwaje?"

"Studio yangu ilifungwa miaka mitatu iliyopita," akasema. "Ni wewe tu hukuambiwa."

Akanirudishia ufunguo, akafunga bomba.

Nilichora upya, bila kutazama saa. Moja, mbili, tatu, nne. Nikabandika, nikabandua, nikailaza futi ya mama fundi pembeni ya ile ya zambarau, mstari kwa mstari, zikalingana. Nikavaa glavu nyingine. Ndipo simu yangu ikalia kwenye rafu, na nilipoinua macho ilikuwa saa sita kasoro dakika nne.

Mzee alikuwa amerudi kwenye kiti chake. Akanyanyuka, akapapasa rafu mpaka akaipata, akasikiliza.

"Ni mama mwenye chumba," akasema. "Yuko njiani na muuza viatu. Anauliza, unaleta ufunguo au huleti?"

Kuvua glavu ni sekunde mbili. Mtaa wa pili ni mwendo wa dakika tatu, na nikikimbia, mbili. Hesabu hiyo niliipiga haraka kuliko hesabu yoyote maishani mwangu. Mama fundi alikuwa ananitazama, mkono wake umelala mezani, mtulivu, umeniamini kuliko nilivyojiamini.

"Mwambie siuleti," nikasema.

"Anasema hauleti," mzee akamwambia yule mama, akaiweka simu rafuni.

Sikufurahi. Natamani niseme kifua kilijaa furaha, lakini kilichonijia ni kile kitu unachokisikia ukikanyaga ngazi ambayo haipo. Nikachovya sindano. Nikaweka mguu karibu na pedeli, na mguu ukagoma, umezoea kungoja.

Mzee alikuja akasimama pale anaposimama siku zote, nyuma ya bega langu la kulia. Nilisikia pumzi yake. Nilisikia akifungua mdomo. Halafu akaufunga, akarudi kinyumenyume mpaka kiti kikamgusa miguu, akakaa.

"Soma namba zako, mama," nikamwambia mama fundi.

Akazisoma kwa sauti, kidole chake kikizifuata hewani, na mimi nikazisoma naye. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Tukarudia. Tukarudia tena mara ya tatu, mpaka akanigeuzia uso.

"Mbona zimetimia?" akasema. "Sasa tunamngoja nani?"

"Hatumngoji mtu, mama," nikamjibu, nikakanyaga pedeli.