Chapa ya Ukoo Kwenye Kaboni

Lueth alizitoa baiskeli tatu za mbio mbele ya duka lake, Kakuma, akamwonyesha Nawoi fremu zake: chuma, alumini, kaboni.

"Ipi itadumu, na ipi unataka kuniuzia kwa sababu inang'aa?" Nawoi aliuliza.

"Mama, ya chuma ni nzito, lakini ikipasuka fundi yeyote Lodwar anachomelea. Alumini ni nyepesi, bei ya katikati, ila barabara mbaya utaisikia mpaka kwenye meno." Akaiinua ya tatu kwa vidole viwili. "Kaboni ni nyuzi zilizogandishwa kwa gundi. Kwa mbio haina mpinzani. Lakini haipindi kwanza ikakuonya. Inakatika."

"Na hiyo ya chuma nitafika Jumapili, watu wakitoka kanisani," alisema Nelly, binti wa Nawoi. Mashindano yalikuwa Jumamosi, na timu ya Nairobi ilikuwa inakuja kuchagua wasichana wawili.

Bei ile ingenunua za chuma mbili. Nawoi alimtazama binti yake, akanunua kaboni.

Ijumaa alasiri alirudi nyumbani Lodwar kutoka kazini, akakuta ua unanuka plastiki iliyoungua. Ekaale, mdogo wa mume wake, alikuwa amechuchumaa kando ya jiko la makaa, ameshika chuma cha kupigia ngamia chapa. Kwenye bomba la chini la fremu, alama ya ukoo ilikuwa bado inafuka moshi.

"Ejok, mambo safi, shemeji! Sasa mwizi aende nayo hata Todonyang mpakani, watajua ni mali ya kwetu."

Alikuwa ameikandamiza vilevile anavyomkandamiza ngamia, mpaka chuma kizame.

"Umechoma gundi, mpumbavu wewe!"

Nawoi alimpokonya kile chuma akamchapa nacho begani. Shati likaungua, na ngozi chini yake. Ekaale akapiga yowe, akamtupia teke la tumbo lililomwangusha juu ya sufuria. Nelly alitoka ndani mbio, akamrukia baba yake mdogo mgongoni na kumng'ata sikio. Ekaale akamtupa chini, akamzaba kofi mdomo ukajaa damu. Hapo Nawoi alishika koleo, akampiga nalo gotini. Ekaale aliondoka akichechemea, akitukana mpaka nje ya lango.

Nelly alitema damu. "Kesho naiendesha. Ni rangi tu imeungua."

Nawoi alibonyeza pale penye chapa. Palikuwa pagumu. Huenda mtoto alikuwa anasema kweli. Lakini aliiona kesho yake: kasi ya pikipiki, fremu inaachia, uso wa Nelly kwenye lami. Akachukua shoka.

"Mama, usithubutu!" Nelly alimng'ang'ania mkono, akamparura shavu. "Utaniua!"

"Nichukie, bora uwe na shingo."

Alimsukuma kwa kiwiko. Nelly akaanguka, kichwa kikagonga pipa la maji.

Pigo la kwanza Nawoi alilipiga kwa kisogo cha shoka, kwenye bomba la juu lisiloguswa na moto, kupima. Shoka likaruka. Mikono ikamfa ganzi, na fremu haikuwa na hata ufa.

"Si unaona?" Nelly alilia. "Ni nzima!"

Nawoi akalishika shoka upya. Pigo la pili alilipunguza nguvu, karibu kama anayepasua sukari guru, akalielekeza kwenye chapa. Bomba likavunjika kama biskuti. Nyuzi nyeusi zikachomoza pande zote mbili, kavu, hazina gundi ya kuzishika.

Nelly aliinuka, akachungulia ndani ya bomba lililovunjika kwa muda mrefu. Kisha akamgeukia mama yake, akampiga ngumi ya kifua, kwa nguvu zote. Nawoi hakujikinga.

"Lete gunia," Nelly alisema, akiinama kuokota vipande. "Mbuzi watajikata."