Yai Si Uzao

Jumanne asubuhi, Zipporah alikuwa akipepeta wimbi mlangoni pa jiko lake, pale Matete, wakati mke mwenzake Khalayi alipotaga yai nyuma ya ghala. Lilikuwa kubwa kama mtungi, rangi ya sukari guru. Khalayi alilifunika kwa majani makavu ya miwa, akajifuta mikono, akaenda kuteka maji kwa sababu ilikuwa zamu yake.

Zipporah alipepeta kwa hasira mpaka wimbi lenyewe likamwagika pamoja na makapi. Yeye ndiye aliyeolewa kanisani, kwa pete na keki, na hadi leo hakuwa amepata hata mimba ya kusingiziwa. Khalayi aliletwa na malipo ya miwa, pamoja na redio na godoro la springi. Kanisa lilimkataa mke wa pili, ila mabati ambayo mume wao Shikanga alichanga wiki ileile liliyapokea.

Kilichomkereketa zaidi ni shamba la chini, lile la kando ya barabara ya trekta za kiwanda. Shikanga alikuwa ametangaza mbele ya ndugu zake kwamba shamba hilo ni la mke atakayempatia uzao.

"Mzee, kwani yai ni uzao?" Zipporah alimuuliza akimwekea ugali. "Hata ingokho, kuku wangu mwekundu, ametaga leo. Yeye pia utampatia shamba?"

Shikanga hakujua. Aliitwa Mwalimu Osundwa, aliyefundisha Kiswahili na ambaye, kwa maelezo yake mwenyewe, hakuwahi kukosea. Aliligonga yai kwa kalamu, akasafisha koo.

"Neno uzao limetokana na zaa. Zaa limetupa mzazi, kizazi, mazao. Hata miwa ni mazao. Lakini kuku hazai, hutaga. Anayetaga hana uzao. Ana mayai."

"Kwa hivyo miwa ni uzao kuliko mtoto wangu?" Khalayi aliuliza.

"Kisarufi, ndiyo."

Zipporah alilala usingizi mtamu. Asubuhi, Shikanga aliketi mezani.

"Kama ni yai tu," alimwambia, "nikaangie. Na chumvi kidogo."

Katika boma lile wanawake hawakula kuku wala mayai. Hiyo ilikuwa kazi ya wanaume, nao waliifanya bila kulalamika. Zipporah alichukua sufuria, akaenda nyuma ya ghala. Alipoliinua yai, kisigino kidogo kilimsukuma kiganjani kutoka ndani. Miaka mingi alikuwa akiwekewa mkono juu ya matumbo ya wenzake, akiambiwa, "Sikia huyu anavyopiga teke," naye akitabasamu huku roho inamchoma. Hili lilimpiga teke yeye. Aliweka sufuria chini, akatandaza sketi yake, akalikalia.

"Ondoka hapo, mama mkubwa," Khalayi alisema alipomkuta. "Hilo ni langu."

"Wewe ulitaga tu. Enda ukapalilie miwa."

Khalayi alikwenda, kwa maana miwa haikuwa na mtu mwingine wa kuipalilia. Zipporah hakubanduka mpaka yai likapasuka. Akatoka msichana, ana nywele tayari, akatembea kabla ya chakula cha mchana kama vifaranga wanavyofanya. Kila mke alimvuta mkono mmoja. Mwalimu Osundwa aliitwa tena.

"Huyu ametaga, huyu ameatamia," alisema. "Kuzaa sijaona."

Shikanga aliafiki. Shamba la chini alimpa Phanuel, mtoto wa ndugu yake, ambaye alizaliwa kwa njia ya kawaida na alikuwa mvulana.

Miwa ilipokomaa, Khalayi alitaga tena. Shikanga aliitisha chumvi. Zipporah alikuwa ameshalikalia yai, akimtazama kwa kijicho yule msichana, ambaye akijikwaa alimkimbilia Khalayi kwanza.

"Nipishe kidogo na mimi," Khalayi alisema.

"Enda ukapalilie."

Barabarani trekta ilipita polepole, imebeba uzao wa shamba la chini.